Mieleka ya Wiki Uliyokatazwa Televisheni

Doha, Ijumaa asubuhi

Baba yangu mpendwa, pamoja na Mama anayekusomea,

Natumaini barua hii inawakuta hapo Wundanyi mkiwa wazima, na ukungu umewaachia angalau jua la kuanikia maharagwe. Mimi sijambo. Joto la huku ni lile lile la kufungua mlango wa tanuri, na miguu huvimba nikisimama zamu nzima mbele ya mashine ya kupiga pasi mashuka ya hoteli, lakini usingizi ninaupata. Wiki hii nimelala vizuri kuliko wiki zote za mwaka huu, na sababu mnaijua.

Kwanza, Baba, jicho likoje? Maji bado yanatoka? Unatiwa dawa saa zote zilizoandikwa, au unamwambia Mama umeshatiwa? Na jikoni kwenye moshi huingii? Nakuuliza wewe, lakini Mama ndiye ajibu.

Barua hii anakuleteeni Ndunge, dada wa kutoka Maungu ninayefanya kazi naye, ambaye anaondoka leo kwenda likizo. Atashuka Nairobi apande basi, na akifika Voi kesho asubuhi atamkabidhi kaka Mwakio aipandishe huko, kabla hajaendelea kwao. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ndiyo iliyotugombanisha mimi na wewe, na mieleka ya siku tano haielezwi kwa simu ikaisha. Mama, nakuomba usome yote. Najua ukifika penye makonde utataka kurukia salamu. Soma polepole kama unavyosoma matangazo ya kanisa, na ukiona Baba ameanza kukunja ngumi, simama kidogo apumue.

Maana daktari, kama nilivyoelezwa na Mwakio, hakukataza televisheni. Alikataza kuinama, kunyanyua vitu vizito na kujitikisa. Mama ndiye aliyejua kwamba wewe hutazami mieleka bila kufanya yote matatu. Mwakio hajasahau ulivyomkaba shingo mpaka uji ukamwagika, eti unatuonyesha mahali refa alipokosea. Kwa hivyo Mama akafunika televisheni kwa kitambaa cha meza mpaka wiki iishe, na mimi namuunga mkono. Bahati mbaya wiki yenyewe imekuwa ya kuwania mkanda, kila siku kuanzia Jumapili hadi jana. Basi nimekutazamia katika ukumbi wa hosteli yetu. Majina ya wanamieleka ni yale uliyowapa wewe. Yale ya Kiingereza siyajui mpaka leo.

Jumapili walifungua Mwalimu Mkuu na Bwana Harusi. Mwalimu Mkuu aliingia na kiboko chake na miwani, akamkabidhi refa vyote viwili kwa adabu. Bwana Harusi alikuja na ile suti nyeupe, akachukua muda mrefu kuivua kuliko muda aliopigana. Alirushwa juu ya kamba, akaangukia meza ya watangazaji, akalala hapo akihesabiwa kana kwamba anahesabiwa mwingine. Pambano dhaifu. Nimelipatia alama nne kwa kumi, na mbili kati ya hizo ni za suti.

Jumatatu ilikuwa zamu ya Mapacha wa Mwatate dhidi ya vijana wawili wapya ambao hujawapa majina. Unajua ujanja wa Mapacha: mmoja akichoka anabingirika chini ya kamba, mwenzake anaingia, na kwa kuwa wote wana vipara na bukta nyeusi refa hana habari. Safari hii walibadilishana mara tatu. Nilicheka mpaka Prossy, Mganda ninayelala naye chumba kimoja, akaja kuona kuna nini. Alitazama kidogo akasema, "Lakini Mghoi, haya yote si wamefanyia mazoezi?" Nikampa jibu lako, kwamba hata harusi hufanyiwa mazoezi na bado watu huoana kweli. Akavuta kiti. Kufikia Jumatano alikuwa anapiga kelele kunishinda.

Jumanne zamu yangu ilichelewa kwisha. Nilikuta Mchuuzi ameshika maikrofoni anajisifu, akajisifu, akajisifu, kisha akazabwa kofi moja akalala. Hukukosa kitu.

Jumatano walikutana Tingatinga na yule kijana wa bukta ya buluu. Buluu, Baba. Neno hilo siwezi kulipita hivi hivi, kwa hivyo kabla sijaendelea na pambano nataka niseme jambo ambalo sijawahi kukuambia vizuri.

Tangu nije huku, kila Jumamosi jioni tulikuwa tunatazama pambano moja, wewe huko na mimi huku, kwa kuwa saa zetu ni sawa. Likiisha nakupigia unanisimulia, nami nasikiliza kana kwamba sikuliona, kwa sababu pambano likipita mdomoni mwako hutoka bora kuliko lilivyokuwa. Halafu masimulizi yakaanza kupotea njia. Ukaniambia wa bukta ya kijani amembwaga Mwalimu Mkuu. Hakukuwa na kijani. Kulikuwa na buluu, na ndiye aliyebwagwa. Wiki iliyofuata ukasema refa amepigwa kichwani, na refa hakuguswa na mtu. Nikacheka, nikasema, "Baba, siku hizi umeanza kututungia."

Ukasema, "Mimi nimetazama mieleka kabla wewe hujazaliwa. Sasa wewe ndiye wa kunifunza?" Simu ikakatika. Jumamosi tatu mfululizo nilipiga, na Mama akanijibu kwamba uko shambani. Jua limetua, na wewe uko shambani. Nikajua umenikasirikia, nami nikakasirika pia, nikasema akitaka kununa na anune.

Nilikuja kushtuka siku Mama aliponisimulia, akicheka, kwamba umepalilia lile shamba la chini ukang'oa maharagwe yote na kuacha magugu yamesimama. Mama alidhani una mawazo mengi. Mimi sikucheka. Niliwaza ile kijani na ile buluu. Jumamosi hiyo nikamwambia Mama akuwekee simu sikioni upende usipende. Mieleka ilikuwa imeanza, nilikuwa naisikia nyuma yako na majirani wanashangilia. Nikakuuliza, "Baba, walioko ulingoni sasa hivi ni wangapi?"

Ukashusha sauti. "Mghoi, naona kivuli tu kinabingirika. Sijui ni mmoja, sijui ni wawili."

Nikakuuliza tangu lini. Ukasema tangu mavuno ya mwaka jana. Nikakuuliza kwa nini hukusema, ukaniambia, "Watu hujaa hapa ndio niwatangazie. Ningewaambia nini?"

Baba, ningejua kwamba nilikuwa namcheka mtu asiyeona, ningeuuma ulimi wangu. Nilikuomba msamaha siku ile kwa haraka haraka kwa sababu watu walikuwa wamejaa sebuleni. Leo nakuomba vizuri, kwa maandishi, Mama akiwa shahidi. Nisamehe.

Na hao watu wenyewe, Mama aliniambia baadaye kwamba aliwauliza kama hawakuwahi kuona unakosea. Kumbe walikuwa wanaona siku zote. Mzee Mshila akajibu, "Tuliona, lakini nyumba ni yake na televisheni ni yake. Utamkosoa vipi mwenye nyumba?" Yaani watu wanane wenye macho mazima walimwachia asiyeona awatangazie, wakashangilia pale aliposema washangilie, hata kama aliyeshinda ni yule mwingine. Kwetu heshima ikizidi inaweza kumtumbukiza mtu shimoni huku waliomheshimu wamesimama pembeni wamevua kofia. Niliwakasirikia sana. Kisha nikajiuliza mimi niliyesema nilisaidia nini.

Nilichokuwa naogopa sikumwambia mtu, hata Prossy. Niliogopa kwamba nitarudi nyumbani mkataba ukiisha, nipande ile njia ya kuja mlangoni, nikute baba yangu ananitambua kwa sauti. Daktari alipomwambia Mwakio kwamba ni mtoto wa jicho tu, na kwamba hupasuliwa na mtu akarudi kwake kesho yake, sikuamini. Nilidhani ananificha. Hata wewe hukuamini, ndiyo maana Mwakio alikubembeleza siku nne kabla hujakubali kuteremka Voi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kazini, nimekaa juu ya furushi la mashuka, akanipigia. "Bandeji imetolewa," akasema. "Mzee anasoma chupa ya dawa." Nikamuuliza anaisoma vipi. "Anaisoma yote, mpaka pale wameandika iwekwe mbali na watoto. Akimaliza yake anachukua ya mwenzake kwenye foleni, anamsomea pia." Nililia papo hapo juu ya mashuka ya watu, na sioni haya kusema. Msimamizi wetu alikuja mbio akidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, ni baba yangu anasoma. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepigwa na jua, akanipa maji. Jicho la pili bado, najua, daktari anataka lisubiri kama mwezi hivi. Na lisubiri. Nilikuwa nimebeba mzigo kifuani miezi yote hiyo na sasa umeshuka, hata hewa ya huku naiona nyepesi.

Haya, turudi kwa Tingatinga. Kijana wa buluu alianza vizuri, akamzunguka zunguka, akampanda mgongoni na kumtia kabali ambayo ingemlaza fahali. Tingatinga akatembea naye hivyo hivyo mgongoni mpaka kwenye kona, akageuka, akajiachia kinyumenyume. Ulingo mzima ulicheza. Akahesabiwa moja, mbili, tatu. Alama saba. Ningempa nane kama asingemkanyaga mwenzake kengele ikiwa imeshalia.

Jana, Alhamisi, Baba, jana ndiyo ilikuwa mieleka. Mwalimu Mkuu na Pacha mmoja, peke yao, na refa alikuwa amemfunga Pacha wa pili pingu kwenye nguzo nje ya ulingo ili asibadilishane. Walipigana mpaka wote wawili wakawa wanapumua kwa mdomo. Pacha alimbwaga Mwalimu Mkuu mara mbili, na mara mbili Mwalimu Mkuu akanyanyua bega kabla ya tatu. Kuna wakati miwani ilikanyagwa, watu wote ukumbini wakasema "aah" kwa lugha tisa. Mwishoni Pacha alipanda juu ya kamba aruke, mwenzake kule nguzoni akapiga kelele kumshangilia, naye akageuka kumtazama ndugu yake kidogo tu. Mwalimu Mkuu akamvuta mguu. Nilisimama. Prossy naye alikuwa amesimama juu ya kiti. Hiyo nimeipa tisa na nusu, na ile nusu nimeinyima kwa sababu wewe hukuwepo.

Mama, hapa ndipo pa salamu, asante kwa subira. Msalimie Mwakio na mkewe, na umwambie kaka kwamba siku ile ya Voi sitaisahau. Shangazi Mkawasi, aliyelala hapo kukusaidia kuangalia mgonjwa na kupika kimanga cha maharagwe na mihogo ya kuponda kila jioni, mwambie kitenge chake nimeshakinunua. Akina mama wa kwaya waliomwombea Baba, wote, mmoja mmoja. Mzee Mshila pia msalimie, ingawa bado sijamaliza kumkasirikia. Mwambie na wenzake kwamba kuanzia sasa Baba akikosea wamwambie, na akikasirika waniambie mimi.

Sasa Baba, bado fainali. Ni kesho saa kumi na mbili jioni, Mwalimu Mkuu na Tingatinga, na wiki ya Mama inaisha kesho hiyo hiyo. Nimezungumza naye. Atakiondoa kitambaa kwa masharti: utakaa kwenye kiti chenye mikono, hutainuka, na shangazi atakaa kando yako akushike bega. Majirani waje, uwatangazie kama kawaida. Mimi kesho jioni niko zamu, lakini nikitoka tu nitakupigia, na utakaloniambia ndilo nitakaloamini, kuanzia kengele ya kwanza. Prossy alijitolea kunishikia zamu ili nitazame mwenyewe. Nilimshukuru, nikamwambia asijisumbue, nyumbani nina mtu wa kunitazamia.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Mghoi