Kopo la Bluu

Cunnamulla, Jumapili

Kwako mdogo wangu Desmond,

Pokea salamu za kaka yako Mervyn. Natumaini u mzima, mkeo mzima, na goti lako limetulia. Mimi ni mzima kuanzia viwikoni kwenda juu. Mikono usiulize.

Unaijua mikono hii. Ilinyoa kondoo mia mbili kwa siku, na bandani hakuna aliyenifikia. Sasa imepasukapasuka, inatoa majimaji ya manjano, inanata kwenye shuka. Asubuhi nikibandua kitambaa, ngozi inakuja nacho. Paka ananusa, anaondoka. Mimi mwenyewe nakula nikitazama ukuta.

Nilijitibu kama tulivyofundishwa bandani: mafuta ya sufu, yale yanayotoka kwenye manyoya ya kondoo, asubuhi na jioni. Nikazidi kuoza. Nikaongeza mafuta.

Binti yangu Rhonda akanipeleka kwa daktari wa ngozi, msichana tu. Akanibandika mgongoni vipande vya kupimia, kila kimoja na kitu chake, aone mwili wangu unakataa kipi, akanikataza kuoga siku mbili. Alipovibandua, chini ya kimoja palikuwa na malengelenge. Nikamwambia hapo ni sabuni za Rhonda. Akacheka, akasema mzee, hapo ni mafuta yako ya sufu, mwili hauyataki na wewe unaupaka kila siku. Nikamwambia nimeyashika miaka hamsini, na yeye kondoo hajamgusa hata mkia. Akajibu kuna mwili unaochoka baada ya miaka hamsini, na kuna unaochoka ujanani. Akauliza kama bandani namjua mwingine aliyeugua hivi.

Nikakukumbuka wewe, Des.

Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuita Bibi Harusi kwa sababu ya vile vitambaa vyeupe mikononi. Mama akakutumia marhamu ya duka la dawa, kwenye kopo la bluu. Ulijipaka kila siku, hukupona, ukaondoka bandani kwa aibu. Baba alikufa akikuita mvivu.

Marhamu ya Mama hukuipaka hata siku moja. Niliichota yote nikaitupa, nikajaza kopo mafuta ya sufu. Banda zima lilinuka hivyo, ungejuaje. Nilidhani nakufanya mwanamume. Nilicheka pia.

Kopo ninalo bado. Nimelichemsha mara tatu, na bado linanitapisha.

Ijumaa Rhonda atanileta kwako. Nitakaa garini. Ukitaka, toka. Usinipe mkono.

Msalimie sana mkeo, na wote wa hapo nyumbani.

Ni mimi kaka yako,
Mervyn
(kondoo mia mbili, hilo halijabadilika)