Pon ya Madame Hisako

Anderlecht, Bruxelles, tarehe 2 Machi

Kwako yaya Jémima, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana, wewe na wote mlio chini ya paa moja huko Likasi. Mnaamkaje? Kifua cha shemeji kimetulia? Mimi mwili ni mzima, ila baridi inatuuma. Nisamehe kwa kimya changu. Kila nilipochukua kalamu, niliirudisha.

Uliniuliza kwa nini siendi tena Uccle kwa Madame Hisako, yule bibi Mjapani niliyekuwa nikimhudumia. Nilikujibu kwenye simu kwamba amefariki, na ni kweli. Lakini sikukueleza yote.

Alipenda mchezo wa kwao, mahjong. Ni vipande kama vya domino, vimechorwa maua, herufi na mianzi, na kila mchoro una vipande vinne. Watu wanne wanazunguka meza, kila mmoja amesimamisha vyake wengine wasivione. Ukiwa na viwili vinavyofanana na mwenzako akatupa cha tatu, lazima useme kwa sauti "pon", ukichukue, uvilaze vyote vitatu wazi pembeni. Ukiwa na vitatu na cha nne kikatupwa, unasema "kan". Ukinyamaza, anayefuata anaokota chake na nafasi yako imepita.

Kila Alhamisi mchana walicheza yeye, binti yake Naomi, mkwewe Crispin, na papa Donatien, jirani mstaafu. Mimi nilikaa ubavuni mwa Madame kumsaidia kusimamisha vipande, kwa sababu mikono yake ilitetemeka. Naomi alinikataza kumsemea. Mwezi wa tisa alinivuta jikoni akaniambia kwamba mama yake ameanza kusahau, na kwamba mchezo huu ndio kipimo chake: siku atakapoviacha vipande vyake vipite, atamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee.

Madame alitusikia. Kesho yake, nilipokuwa namvisha koti, alinishika mkono akasema kwa Kifaransa chake cha polepole: "Ornella, usiniache wanipeleke."

Bon, yaya, Alhamisi iliyofuata Crispin alitupa kipande, na Madame alikuwa na viwili vinavyofanana nacho. Alikitazama kama mtu anayetazama mgeni mlangoni. Nikamkanyaga kidogo chini ya meza. Akashtuka, akasema, "Pon!" Naomi alicheka kwa furaha. Tangu siku hiyo tulifanya mazoezi asubuhi, mimi na yeye: nikimkanyaga mara moja ni pon, mara mbili ni kan. Tuliendelea hivyo hadi baada ya Krismasi.

Naomi alikuwa akirudi kwake ametulia. Mimi nilikuwa nikikuta viatu ndani ya friji, sabuni ndani ya kikombe cha chai. Nilivitoa, nikaosha, nikanyamaza. Nilijiambia ni huruma. Huruma ilikuwepo, lakini pia nilipenda kuwa mtu pekee anayemtegemea.

Kwa kuwa Naomi aliamini mama yake angali na akili zake, hakutafuta mtu wa kukaa naye Jumapili, siku yangu ya kanisa. Jumapili ya pili ya Januari Madame aliwasha gesi achemshe maji, akasahau, akaegemea jiko. Mkono wa gauni lake ukashika moto. Papa Donatien alisikia kelele kupitia ukuta. Hadi anavunja mlango, alikuwa amechelewa.

Madame aliishi siku tisa hospitali. Siku ya nane nilikuwa pale na Naomi, mwuguzi alipokuja kumsafisha. Alipomgusa wayo, Madame, macho yamefumbwa, akasema, "Pon." Mwuguzi akamgusa mara mbili. "Kan."

Kwanza Naomi alitabasamu. Kisha akaitazama miguu yangu. Akaniuliza, tangu lini? Nikamwambia, tangu mwezi wa tisa. Hakunipigia kelele, yaya, heri angepiga. Alisema tu nisije mazishini. Sikwenda. Siku ile nilipanda metro ya laini ya tano, nikaenda nayo hadi mwisho na kurudi, mara sijui ngapi, hadi nilipojua kwamba wamekwisha kumzika.

Kanisani wananipa pole kwa kufiwa na mgonjwa wangu, nami napokea. Hata pasta sijamwambia.

Sasa nijibu ombi lako. Unasema Maman ameanza kukuita kwa jina la marehemu shangazi, na kwamba mimi ndiye mwenye ujuzi, nirudi nimtunze. Yaya, usimweke Maman mikononi mwangu. Najijua. Akiniomba nimfiche, nitamficha. Tafuta mtu mwingine, asiyempenda kama mimi. Wala usiniandikie kwamba Mungu amekwisha kunisamehe. Aliyefiwa na mama ni Naomi, na yeye hajanisamehe.

Nisalimie shemeji, watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Maman mpe mkono wangu. Akiuliza nitakuja lini, mwambie siji. Akisahau akauliza tena, mwambie tena.

Ni mimi mdogo wako,
Ornella