Marehemu Anaishi Toulouse

Igualada, 3 Machi 1949

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Sisi tunapumua. Mama miguu inamvimba, lakini bado anashona.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni njema: nimechumbiwa. Anaitwa Valentí, mtoto wa mwenye kiwanda cha ngozi kule chini mtoni. Ni mpole, hata mbwa wake hamsikii. Ya pili naiandika nikiwa nimeinamisha uso.

Walikuja nyumbani kujitambulisha. Mama yake, Bi Eulària, alikunywa kahawa yetu ya shayiri bila kukunja uso, kisha akaniuliza, "Na baba yako, binti?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema uko Ufaransa kikazi. Mdomo ukasema, "Alifariki, mama. Wakati wa vita."

Akafanya ishara ya msalaba. "Mungu amrehemu. Basi hakuna kikwazo."

Mama hakunikanusha. Kesho yake nilimkuta amevaa nyeusi tangu kichwani hadi miguuni. Nikamwambia, "Mama, vua, tafadhali." Akasema, "Umeshaniulia mume, sasa unataka nitembee na nguo ya maua?" Hajaivua hadi leo.

Unajua kiwanda kinachoozesha mtoto wake kwa binti wa mbunge msoshalisti aliyewakimbia walioshinda vita kitapata taabu gani. Lakini sikusema vile kwa ajili ya kiwanda. Kwa muda wa kufumba jicho, niliona haya kuwa binti yako. Sasa naona haya kwa haya yangu.

Ukisema niwaambie ukweli, nitawaambia. Jibu kupitia kwa dereva wa lori la machungwa, si posta; huko barua zinafunguliwa.

Binti yako,
Remei

Toulouse, 20 Machi 1949

Mwanangu Remei,

Marahaba. Kifua kinakohoa lakini kinatii. Kazini nachora mabomba ya boila. Bosi wangu ni kijana aliyekuwa ananyonya nilipohitimu uhandisi. Ananiita "mzee", nami naitika.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaenda kwenye mkutano wa chama. Nikahutubia juu ya mfanyakazi asiyempigia mtu magoti. Wakapiga makofi. Papo hapo nikajiuliza: huyu anayehubiri habari za magoti, mkewe anapiga magoti mbele ya nani, akiwapima nguo wake za maofisa? Nikakaa chini kabla sijamaliza.

Usiwaambie kitu. Miaka kumi sikukuletea hata jozi ya viatu. Nimewaachia jina tu, na jina lenyewe linawafungia milango. Acha nife, nikusaidie walau kwa hilo.

Lakini uongo ukijengwa ovyo huanguka, basi tuujenge vizuri. Nilikufa Februari 1939, kambini Argelers, ile ya wakimbizi ufukweni huku Ufaransa, kwa homa ya matumbo. Wakikuuliza zaidi, sema nilikuwa nimelala mchangani, naomba maji. Sikuitunga hiyo. Ndivyo alivyokufa rafiki yangu Quirze, nimemshika mkono. Hakuacha jamaa wa kukidai kifo chake. Nimemwibia, nami sijui nitamwomba radhi wapi.

Mwambie mama yako nyeusi ilimpendeza tangu zamani. La, usimwambie hivyo. Mwambie anisamehe.

Baba yako,
Ermengol

Igualada, 9 Oktoba 1949

Baba,

Shikamoo. Natumaini unakula. Tumefunga ndoa Jumamosi iliyopita. Padri alisema tusitoke bila kumwombea baba wa bibi harusi, akalitaja jina lako lote. Kanisa zima likapiga magoti. Bi Eulària akanishika bega: "Lia, mwanangu, lia tu." Nililia kweli, kwa aibu, na watu wakaniona binti mwema. Mama hakulia. Aliitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote, nikajua amekasirika.

Valentí anaijua hadithi ya kambini tu. Nyumba hii ina macho mengi. Usipopata barua, usidhani nimekusahau.

Binti yako,
Remei

Toulouse, 11 Novemba 1957

Remei mwanangu,

U hali gani? Nimeandika barua nyingi, sijui kama zilifika. Hii nampa dereva mwingine.

Jana mkahawani, mtu wa Igualada alinipa mkono. "Pole sana kwa msiba, mheshimiwa."

"Msiba gani?"

Akatazama viatu vyake. "Mkeo, mheshimiwa. Tangu Pasaka."

Nikasema, "Ah, ndiyo, asante," kama mtu aliyekumbushwa mwavuli wake. Sikutaka ajue kwamba binti yangu hakunipa habari.

Sikulaumu. Marehemu hapelekewi tanzia.

Baba yako

Igualada, 2 Aprili 1964

Baba,

Shikamoo. Nasikia wazee wenzako waliokimbia wanapewa ruhusa ya kuja kutembea. Sina haki ya kukuomba, lakini njoo. Nitakungoja uwanjani, basi linaposimama, mimi na binti yangu Neus. Ana miaka kumi na mitatu. Nitamwambia wewe ni nani pale pale mbele ya watu, maana nikisubiri tufike nyumbani nitaogopa.

Kuhusu Mama, kila nilipoishika kalamu mkono ulikataa. Sina maelezo mengine.

Binti yako,
Remei

Toulouse, 30 Mei 1964

Remei mwanangu,

Nimerudi salama. Nashukuru kwa ule wali, na kwa Valentí kunibebea begi.

Ile habari ya uwanjani inanikosesha raha. Niliposhuka nilikuona umefanana na mama yako mpaka nikasahau mzigo. Neus akauliza, "Mama, huyu mzee ni nani?" Ukafungua kinywa. Nilikiona, Remei, kilikuwa kinakwenda kusema kweli. Mimi nikakuwahi: "Ni rafiki wa marehemu babu yako. Tulikuwa wote kambini."

Ukanitazama. Nikajifanya natafuta leso.

Mezani mtoto akataka kujua babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Nikamjibu, "Hodari wa kusema." Mama mkwe wako akaniongezea wali.

Nilijidanganya kwamba nakuokoa. Kwenye treni ya kurudi nikakubali: nilimwona mtoto mzuri vile, nikalitazama koti langu, nikaona anastahili babu aliyekufa vizuri kuliko huyu aliyeishi vibaya. Wewe ulinikana ukiwa msichana, mbele yako mlango mmoja tu ukiwa wazi. Mimi nina miaka sabini, na hakuna aliyenilazimisha.

Mwache Neus abaki na yule marehemu.

Baba yako,
Ermengol

Igualada, 14 Juni 1964

Baba,

Shikamoo. Barua yako imekuja kwa posta. Neus ndiye aliyeipokea mlangoni, na nyuma ya bahasha umeandika jina lako kamili, lile analoliombea kanisani. Sijui kama ulisahau au ulitaka. Aliileta mezani tukila, akaiweka mbele yangu. "Mama, marehemu anaandika."

Nikawaambia yote. Valentí akaweka kijiko chini. Bi Eulària akaendelea kula, kisha akasema, "Mimi nilijua tangu siku ile ya kahawa. Mtu aliyetuletea maji ya bomba mtaa mzima, nani asingejua kwamba yu hai ng'ambo ya mpaka? Nilikuuliza nione utajibu nini."

"Na nilipodanganya, mama?"

"Nilifarijika. Nimeliungama hilo kuliko dhambi zangu zote, na bado linanichoma."

Valentí akaondoka mezani, akaenda kusimama uani. Alirudi jioni na kuniuliza kama unavuta sigara au kiko, akununulie. Neus hasemi nami, leo siku ya tatu. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Alikaa kwenye kiti hiki, na mkamwacha aondoke na basi."

Njoo tena, Baba, kabla ya baridi. Safari hii ukishuka, tafadhali nyamaza. Zamu ya kusema ni yangu.

Binti yako,
Remei