Nestori, Radi Alirudi Uwanjani

Ndugu yangu Nestori,

Jumamosi hii nilifungua alasiri mnara wetu wa mchezo wa ndege mtandaoni, saa ile ile yako, nikavaa hedifoni zako zenye sikio moja bovu, nikatangaza kwamba Kasulu iko tayari kupokea ndege. Hakuna aliyejibu. Marubani wetu wote wa kompyuta wameondoka: yule muuguzi wa Mwanza tuliyemwita Mama Rubani, wale ndugu wawili wa Dodoma, hata mwalimu wa Bujumbura aliyekuwa akitua kama anayebwaga gunia la mihogo. Nimeona nikuandikie kabla hujayasikia kwa mwingine, ingawa najua sababu hiyo haina mantiki. Ungecheka. Ungesema, "Msomi, hata kwa wafu unatanguliza utetezi."

Basi niutangulize.

Unamkumbuka Radi. Hatukumjua kwa sura wala kwa jina la nyumbani. Tulijua jina alilojipa mtandaoni, na lafudhi iliyotuambia kwamba ni wa huku huku kwetu. Kila tulipopanga safari ya pamoja alishusha ndege yake, akaiegesha katikati ya njia ya kurukia, akaizima, asiruke wala asipishe. Akizidiwa na ukorofi aliiga sauti yako na kuwapa wenzetu amri za uongo hadi wakagongana angani. "Mnara wa Kasulu," alitukejeli siku moja mbele ya wote, "mbuzi wenu wamepewa kibali cha kuvuka uwanja?" Mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno makali. Wewe ukapiga yale makofi yetu ya taratibu mbele ya kipaza sauti, kama unayemwamkia mzee kwa Kiha njiani kijijini kwenu Kitahana, ukasema, "Mwidiwe, Radi. Mbuzi wamesharuka. Sasa ni zamu yako."

Kisha, kwa mbali, tukasikia naye anapiga makofi. Akaruka.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako pekee: hakuna anayekemewa kabla hajasalimiwa, kwa kuwa kwetu aliyeitikia salamu huona haya kukutukana papo hapo. Nilikubishia sana. Nilisema jamii haiendeshwi kwa makofi, na kwamba uvumilivu wa mtu mmoja si katiba. "Mtu akijilaza njiani," ulinijibu, "kwanza muulize kama ameumia." Nikakuambia Radi anakufanya mjinga, kwani wiki ijayo atarudia yale yale. Ukakubali kwamba ni kweli. Ukaendelea kuning'iniza modemu dirishani, penye afadhali ya mtandao.

Halafu ile homa. Halafu Kitahana, udongo mwekundu, na mama yako ameshikiliwa na majirani.

Wenzetu walinikabidhi mnara. Tulipanga safari moja ya kukuaga: ndege zote zitoke Kigoma, zizunguke juu ya Kitahana, zitue Kasulu bila mtu kusema neno. Ya kwanza ilipokaribia kutua, Radi alishuka mbele yake, akaegesha katikati ya njia, akazima. Siku hiyo, Nestori! Nilimfungia pale pale. Sikumsalimia. Ningemsalimia kwa lipi?

Nikaandika kanuni, nikaziandika vizuri. Mojawapo ilisema kwamba yeyote atakayesimamisha ndege kwenye njia ataondolewa bila kuulizwa. Radi alirudi kwa majina mengine, nikamwondoa kila mara. Ndipo mtandao ukamkatikia mwalimu wa Bujumbura akiwa ametua, ndege yake ikabaki imeduwaa katikati ya njia, nami nikamwondoa. Kanuni ni kanuni. Mama Rubani alinitetea mbele ya wenzake, kisha akanifuata faragha: "Mwanangu, mimi nakuja hapa kupumzika kutokana na wodi. Sasa hapa napo kuna mkaguzi." Hakurudi. Wale wa Dodoma walibishana nami kifungu kwa kifungu, niliwashinda, wakaondoka. Nimezisoma tena kanuni zile. Kila moja inajitetea. Sioni ipi ningeifuta.

Nilikwenda kumsalimia mama yako wakati wa kuvuna maharage. Aliniuliza bila kuinua macho kwenye ungo, "Ndege zenu zile bado zinaruka?" Nikamwambia zinaruka. Akasema, "Basi mwanangu bado yupo kazini." Ungemjibu nini wewe?

Jumamosi hii, basi. Nilikuwa nimewafungulia wote, kwa sababu hapakuwa na wa kumzuia. Hatimaye ndege moja ikashuka, ikaegeshwa katikati ya njia, ikazimwa. Safari hii haikumzibia mtu njia. Nikatazama ndege ile. Nilijihisi mpumbavu, lakini nikapiga makofi. "Mwidiwe, Radi."

Nilisikia pumzi zake, na nyuma yake kuku. Kisha akauliza, kwa sauti yake mwenyewe, bila kuigiza:

"Yuko wapi yule wa makofi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia, Nestori. Matangazo yetu hakuyasoma kamwe, na mimi siku ile nilimfungia kabla hajapumua. Nikamwambia. Ndege ikatoweka, nikabaki na njia tupu na ngurumo ya jenereta ya Haji mwenye duka.

Sisemi kwamba ulikuwa sahihi. Hoja yako ina matundu mengi, nami ningeweza kuyaonyesha, laiti ungekuwepo wa kuonyeshwa. Sidhani Radi atarudi. Wale wengine najua hawatarudi. Hata hivyo nakuahidi: maadamu jenereta inawaka, kila Jumamosi nitafungua mnara, na kabla ya neno jingine lolote nitapiga makofi kwanza, awepo mtu asiwepo. Ili nitakapomwambia mama yako kwamba upo kazini, angalau kazi yenyewe iwe inafanyika.

Lala, ndugu yangu. Njia iko wazi. Haina hata mbuzi.

Msomi wako,
Kasulu