Wa Kwanza Kupigiwa Simu

Dada Perusi,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu Kamunyonge, hapa Musoma, Jumapili mchana. Begi liko wazi juu ya kitanda na bado sijaamua kama nichukue viatu vya mvua. Keshokutwa naenda Kongo. Ningekuambia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, kama ilivyokuwaga, ungenigombeza, halafu ungeniuliza kama nina dawa za kutosha.

Mhariri ndiye aliyenipendekeza. Redio yetu ni ndogo, unaijua, lakini shirika moja la habari lilikuwa linatafuta waandishi wa huku ziwani waende mashariki ya Kongo, wakaongee na familia zilizokimbia mapigano. Aliponiita ofisini pale Iringo nilidhani nimekosea bei ya pamba kwenye taarifa ya asubuhi. Akasema, "Nyabise, wale watu wanaongea Kiswahili, ila sisi tunawasikia kupitia mkalimani wa mtu mwingine. Wewe hutahitaji mkalimani." Nikakubali pale pale. Woga ulikuja jioni, nikiwa nachagua nyanya sokoni. Nikawa naweka zilizooza kwenye kikapu, mama muuzaji akaniuliza kama nina homa.

Walitupeleka Mwanza kwenye mafunzo. Tulifundishwa kujitupa chini ukisikia milio, kumjibu mwenye bunduki kizuizini bila kumkodolea macho, na kumfunga mtu anayetoka damu nyingi. Hapo kwenye kufunga nilikukumbuka mpaka nikawa sioni vizuri. Kabla hujawa nesi ulikuwa unanifunga miguu kwa vipande vya kanga ya mama, mimi mzima kabisa, unaniambia nilie ili ionekane umenitibu. Mkufunzi akadhani naogopa damu.

Fulana ya kuzuia risasi wamenipa ya mwanaume mnene. Nikiivaa nafanana na kobe. Wanataka kundi la damu liandikwe kifuani. Sikuwa nalijua. Ulinipima wewe, ukaniambia, nikasahau kwa sababu nilijua wewe unakumbuka. Nimeenda kupima upya.

Siku ya mwisho mkufunzi alimwambia kila mmoja atunge maswali ambayo majibu yake anayajua yeye na ndugu mmoja tu. Watu wakisema wamekuteka, ofisi inawapa swali hilo. Jibu likirudi sawasawa, wanajua kweli uko hai. Mimi niliandika haraka. Swali la kwanza lilikuwa: ng'ombe gani alikula gauni la kipaimara? Mkufunzi akasoma, akatabasamu. "Huyu ndugu anayejua majibu ni nani?"

"Dada yangu."

"Namba yake?"

Nikaanza kuitaja, Dada. Naijua kwa kichwa mpaka leo. Nilifika katikati nikanyamaza, yeye kalamu yake inasubiri. Nikamwambia alishafariki. Akaweka kalamu chini, akasema taratibu, "Pole sana. Basi tafuta aliye hai."

Nilimpigia shemeji kule kwako Bunda. Anaendelea, usiwe na wasiwasi. Mwaka huu pamba imemkubali, na Neema wako ameanza chuo cha uuguzi, anavaa saa yako. Shemeji akasema, "Niandike mimi. Ila mama usimwambie Kongo. Sema unaenda semina Dar." Na shangazi naye akasema hivyo hivyo.

Unajua kwa nini niliwakubalia; kumwambia mama ukweli kulikuwa kunanishinda. Mambo mazito kwa mama ulikuwaga unayapeleka wewe. Baba alipozidiwa, ulikwenda wewe. Nilipoacha ualimu nikaenda redioni, ulikwenda wewe kwake Butiama, ukakaa naye ukamenya mihogo mpaka sufuria ikajaa, ndipo ukasema. Mimi nilikuwa nakuja baadaye, mambo yameshapoa.

Jana nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta anaanika muhogo juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Amepungua, lakini sauti ni ile ile. Simu yake anaifunga kwenye ncha ya kanga siku hizi, haiachi hata akienda kuteka maji. Nilimwamkia, nikampa sukari, mchele na sabuni. Akavitazama.

"Unaenda wapi mpaka umeniletea vyote hivi?"

Semina ilikuwa mdomoni tayari. Nikasema, "Kongo, mama."

Akaendelea kutandaza muhogo. "Kule wanakopigana?"

"Ndiyo."

"Umelazimishwa?"

"Hapana, mama. Nimetaka mwenyewe."

Nikaanza kumweleza habari za wale akina mama walioko kambini, kwamba kuna mtu anatakiwa awasikilize kwa lugha yao, lakini akaninyamazisha kwa mkono.

"Ukipatwa na jambo, wanampigia nani?"

"Shemeji."

Hapo ndipo aliponyanyuka. Hakupaza sauti, unamjua.

"Perusi alipofariki walijua Bunda, wakajua Musoma, hata wa duka la hapo barabarani akajua. Mimi nilikuwa shambani napalilia, naimba. Wakaniacha niimbe. Nilikuja kujua nilipoona watu wanabeba viti kuja kwangu. Wote walishaanza kumlilia mtoto wangu, mimi nikawa wa mwisho."

Nilimwambia wazee waliogopa presha yake.

"Presha ni yangu na mtoto ni wangu. Andika namba yangu."

Tangu tukuzike sijawahi kuwaza asubuhi ile ilikuwaje kwake. Sisi tuliona tumempunguzia saa chache za uchungu. Kumbe yeye aliona zile saa kama tulimnyang'anya.

Nilimweleza kuhusu maswali. Nikamwambia hayo ya kwangu na wewe hayamfai, majibu hayajui. Akataka kusikia. Nikamsomea lile la gauni.

"Si yule mwekundu aliyekatika pembe," akasema. "Perusi aliniambia gauni limechukuliwa na upepo. Upepo gani huo unaacha kola zizini?"

Alicheka, Dada. Alicheka mpaka akashika jiwe. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba wako. Miaka yote hii tulidhani tumemficha. Tukakaa pale tukatunga maswali mengine, yangu na yake, ambayo hata wewe siwezi kukuandikia hapa.

Usidhani amefurahi. Wakati ananisindikiza aliniambia wazi, "Sijapenda uende. Nimekubali tu." Alinishika mkono mpaka tulipofika barabarani, kama mtoto anayevushwa, na gari lilipokuja hakuuachia mara moja.

Nilipomwambia shemeji kwamba nimeandika namba ya mama badala ya yake, aliuliza kwa nini, nikamrudia maneno ya mama. Kisha akasema, "Tulimkosea mama," na akasema wiki hii ataenda kumwona.

Keshokutwa basi la Mwanza litapita Bunda. Nitashuka, nije hapo ulipolala kando ya shamba, nikae kidogo. Sitakuwa na la kukueleza maana nimeshaeleza hapa, lakini nitakaa. Naogopa, Dada. Naogopa vizuizi, naogopa usiku wa kule, naogopa zaidi kumkalisha mama aliyefiwa mbele ya kinasa sauti halafu nisijue kunyamaza. Nadhani hilo la mwisho nimeanza kujifunza jana, pale kwenye jiwe.

Ninachokuahidi ni hiki. Mama sitampelekea uongo wa kumtuliza. Penye mtandao nitampigia, na pasipo na mtandao atakuwa anajua kwa nini simu haijalia. Na ikitokea kwamba anayepiga si mimi, mama atapokea kabla ya Bunda, kabla ya Musoma, kabla ya mtu yeyote kubeba kiti.

Pumzika, Dada yangu. Sasa nitajaribu kuzibeba mwenyewe zile habari ulizokuwa unanibebea.

Mdogo wako,
Nyabise