Ukuta Kwenye Mto Mkavu

Mutheu dada yangu,

Nakuandikia kutoka Tawa kwa mkono unaotetemeka. Si malaria, ni mawe. Si unajua nilialikwa huku kueleza jinsi sisi waandishi wa hadithi za safari tunavyobuni mambo? Nilifika na hotuba yangu ya ubunifu, sayansi na kutokata tamaa, nikawakuta wenyeji wangu kwenye mto mkavu, kikundi kizima cha mwethya, wakisaidiana kujenga ukuta. Mvua ikinyesha, ukuta huzuia mchanga, nao mchanga huficha maji mpaka kiangazi.

“Mgeni, kwa mwethya hakuna mtu anaongea mikono mitupu,” akasema Mama Kalondu, mwenyekiti wao. “Beba mawe kwanza.”

Nilibeba hadi mgongo ukakataa. Tulipoketi kula muthokoi, hotuba ilikuwa imenitoka kichwani. Nikawasimulia tu kile chombo cha kitabuni mwangu, kinachopaa kuchota maji mawinguni.

“Ulishakiona?” Mama Kalondu akauliza.

“Hapana, nimekibuni tu.”

“Basi ni kama hii maji yetu, bado hatujaiona,” akasema, akionyesha mchanga mkavu. “Ukuta ya kwanza ilibebwa na mafuriko. Sasa tunajenga ingine.”

Nimechoka, dada, hata kijiko naona kizito. Nisalimie watoto, na jua la huko lisiwatese kama hili. Yale makaratasi ya kitabu hicho, niliyokuambia uwashie jiko nilipokata tamaa, yaache. Na kama umeshayawasha, usijali. Nitaandika mengine.

Kaka yako, Muthama