Sanda ya Bibi na Nabii Idrisa

Jumanne, baada ya sala ya isha. Naandika yote, hata la kunitia aibu.

Leo Bibi alitoa sanda yake sandukuni akaianika kwenye kamba moja na sare yangu ya shule, ipate jua isiliwe na wadudu. Nikamfokea, Bibi yangu mwenyewe! Nikamwambia airudishe, kwani Nabii Idrisa alipaishwa mbinguni bila kufa, na Mungu hashindwi kumfanyia hivyo na yeye.

Bibi akacheka hadi akakohoa. "Mke mwenzangu, mie si nabii, mie mkulima wa mwani. Na mguu huu ulivyovimba, malaika gani atanibeba?"

Sasa sielewi. Neema, ninayekaa naye dawati moja, anasema Biblia yao inawataja Henoko na Eliya, wote walichukuliwa wazima. Nikafurahi kwamba wamekuwa wengi. Lakini jioni ustadhi wetu wa madrasa akasema hata Nabii Isa aliyepaishwa atarudi afe, kwa kuwa kila nafsi itaonja mauti. Nikamuuliza, na Idrisa je? Akasema wanazuoni wamehitilafiana, wengine husema alifia hukohuko juu.

Kama hata huko juu watu hufa, basi mimi namwombea Bibi nini kila siku?

Bibi bado anakohoa chumba cha pili. Sanda ameshaikunja.

Ee Mola, nijibu upesi, kabla hujamwita: Nabii Idrisa alipochukuliwa alikuwa na mjukuu, na alipewa nafasi ya kumuaga?